Migahawa mipya ya ufukweni Dar: namna ya kuiuzia mazao bila mtaji kukatika



Siku hizi swali ninaloulizwa zaidi huku mkoa wa Pwani halihusu mbolea wala viwavi. Kijana ananipigia simu kutoka Mkuranga, mwingine kutoka Bagamoyo, mwingine Kisarawe, na wote wanasema kitu kimoja: "Bwana shamba, kule Masaki na Coco migahawa inafunguliwa kila kukicha. Tunaingiaje?"

Swali ni zuri. Ukianzia Coco Beach pale Oysterbay, ukapita Masaki hadi Slipway, ukaenda Mbezi Beach na Kunduchi, au ukavuka kwenda Kigamboni, utaona sehemu za kula zikiongezeka. Nyingine ni za meza zenye vitambaa, nyingine ni vibanda vya mishikaki na mihogo. Tangu Daraja la Tanzanite lianze kutumika mwaka 2022, mtu wa mjini kati anafika Oysterbay bila kukaa kwenye foleni ndefu ya Selander. Wateja wapo, na wanaokula lazima walishwe na mtu. Kwa nini asiwe wewe?

Ila kabla hujakimbilia kulima, soma hadi mwisho. Nimeona vijana wakitengeneza pesa nzuri kwenye soko hili, na nimeona wengine wakipoteza mkopo wote ndani ya msimu mmoja. Tofauti yao haikuwa kwenye udongo.

Mgahawa unanunua kidogo kidogo, ila kila wiki

Hili ndilo jambo la kwanza kulielewa. Dalali wa Ilala au Temeke Sterio anaweza kuchukua mzigo wako wote kwa siku moja, halafu msionane miezi mitatu. Mgahawa hauwezi. Una friji ndogo, una menyu, na unataka kilo zilezile Jumanne na Ijumaa, mwaka mzima. Mpishi mkuu akiandika saladi ya matango kwenye menyu, hataki kumwambia mteja kwamba mkulima amemaliza kuvuna.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mgahawa mmoja unataka kilo 40 za matango kwa wiki. Shina moja la tango kwenye shamba la wazi, ukilitunza vizuri, tulipe kilo 2 zinazouzika katika wiki 4 za kuvuna. Hiyo ni nusu kilo kwa wiki kwa shina. Kwa hiyo unahitaji mashina 80. Ongeza 20 ya wadudu, magonjwa na matango yaliyopinda, yanakuwa 100. Ukipanda kwa nafasi ya meta 1 kwa nusu meta, mashina 100 yanakaa kwenye meta za mraba 50 tu.

Sasa linganisha na kijana anayelima ekari nzima kwa mkupuo. Ekari ina kama meta za mraba 4,000, maana yake mashina 8,000, maana yake kilo 4,000 kwa wiki! Mgahawa unataka 40. Zilizobaki utampelekea nani? Utavunja bei sokoni, na huko utakutana na wenzako waliopanda wiki ileile.

Njia sahihi ni kupanda kwa awamu. Tango linaanza kuvunwa takribani wiki 7 baada ya kupanda na linavunwa kama wiki 4. Ukipanda awamu mpya kila baada ya wiki 3, awamu inayofuata itaanza kutoa kabla ya ile ya kwanza kuchoka. Utakuwa na vipande vinne vya meta za mraba 50, yaani meta 200 kwa jumla. Hiyo ni sehemu ya 20 ya ekari kwa mgahawa mmoja. Ukiwa na migahawa mitano, ndiyo unafika robo ekari. Maji ya uhakika ni lazima, maana awamu hazisubiri mvua. Kama huna kisima wala matone, usiahidi mtu mboga za mwaka mzima.

Usishindane na Lushoto

Kijana wa Pwani akisikia "mgahawa wa Masaki", akili inaruka moja kwa moja kwenye brokoli, koliflawa na saladi ile ya kufunga kama kabichi. Mazao hayo yanapenda baridi. Wenzetu wa Lushoto wanayo baridi ya milima, na mboga zao zimekuwa zikishuka Dar kwa miaka mingi. Wewe uliye kwenye joto la Mkuranga utatumia dawa nyingi, kivuli na maji mengi, halafu utapata zao dogo kuliko lao. Waachie.

Lima kile ambacho joto linakusaidia, na ambacho ukaribu wako na jiji unakupa nafasi:

- Rihani na nanaa. Vinanyauka haraka, kwa hiyo aliye karibu ana nafasi kubwa. Unakata, vinachipua tena.
- Matango, bamia, bilinganya na pilipili za aina zote, hasa pilipili mbuzi.
- Ndimu. Samaki wa kuchoma, mishikaki, juisi, vyote vinaitaka. Sehemu ya kula ya ufukweni bila ndimu haifanyi kazi.
- Matunda ya juisi: mapapai, pasheni za njano, matikiti, na mananasi kwa walio upande wa Kiwangwa.
- Madafu. Mkuranga ina minazi, na dafu linalouzwa kijijini bei ya chini linabadilika sura likifika mchangani.
- Mihogo. Hii naiwekea sehemu yake hapa chini.

Mengi ya mazao hayo hayana sifa ya kisasa, na ndiyo maana vijana wanayaruka. Lakini soma menyu ya sehemu yoyote ya ufukweni uone kipi kinatajwa kila ukurasa.

Mihogo ya Coco: soko ambalo wengi hawalihesabu

Hakuna mtu wa Dar asiyejua mihogo ya Coco Beach, ya kukaanga, na kachumbari na pilipili juu yake. Watu wanafuata mihogo ile kutoka Mbagala na Kimara. Ni biashara kweli, na inalipa taslimu.

Muuza mihogo ana masharti yake. Anataka muhogo mtamu, wenye unga, usio na nyuzi, unaoiva upesi. Muhogo mchungu usimpelekee hata kwa bahati mbaya, kwa sababu una sumu nyingi zaidi na kukaanga tu hakuiondoi yote. Vilevile muhogo uliokaa ardhini kupita kiasi unakuwa mgumu na wa nyuzi, mteja anatafuna hadi anachoka.

Tatizo kubwa la muhogo ni kwamba ukishang'olewa, ndani ya siku 2 hadi 3 unaanza kuweka mistari myeusi ndani. Kwa hiyo usivune halafu ukatafute mteja. Pata oda kwanza, ng'oa alasiri, fikisha alfajiri. Usikate wala kuchubua wakati wa kung'oa, kwa sababu uharibifu unaanzia kwenye kidonda. Uzuri ni kwamba muhogo ambao haujang'olewa unakusubiri. Ardhi ndiyo friji yako, kwa wiki kadhaa unaweza kuvuna kulingana na oda. Bamia hazina subira hiyo.

Hesabu yake: muuzaji mmoja anayechukua kilo 50 kwa siku, siku 6 kwa wiki, anahitaji kilo 300. Ukikadiria kilo 2 kwa shina, hayo ni mashina 150 kwa wiki. Robo ekari yenye mashina 1,000 itakwisha kabla ya wiki 7. Kumhudumia muuzaji huyo mmoja mwaka mzima unahitaji mashina 7,800, yaani kama ekari 2. Hapo unaona kwa nini kikundi cha vijana wanne au watano waliopanda kwa kupishana, wengine mvua za vuli na wengine za masika, wana nguvu kuliko mmoja mwenye robo ekari.

Kuhusu mbegu, kuwa mkali. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia unashambulia sana ukanda wa Pwani. Juu shamba linaweza kuonekana zuri, ukimenya unakuta vidonda vya kahawia vilivyokauka. Muuzaji anagundua akiwa na kisu mkononi na wateja wamesimama. Hatakupigia tena. Kibandameno inapendwa kwa utamu, lakini inashambuliwa sana na ugonjwa huu. Kiroba inavumilia vizuri zaidi na watu wanaikubali. Waulize TARI Kibaha kuhusu vipando safi, na ukinunua kwa mzalishaji, hakikisha amekaguliwa na TOSCI. Usichukue vipando kwa jirani kwa sababu tu ni vya bure.

Nani wa kuongea naye, na lini

Usifike mgahawani saa 7 mchana watu wanakula, wala Ijumaa jioni. Nenda Jumanne au Jumatano, kati ya saa 9 na saa 10 alasiri, jikoni kumetulia. Muulize mlinzi kwa heshima mtu wa manunuzi au mpishi mkuu. Beba sampuli safi, kilo moja au mbili, na umwachie. Mpishi anaamini mikono yake kuliko maneno yako.

Kisha uliza maswali haya, na uandike majibu mbele yake:

1. Ni bidhaa gani zinakuishia mara kwa mara?
2. Unatumia kilo ngapi kwa wiki, na wikiendi inaongezeka kiasi gani?
3. Unataka mzigo siku zipi, saa ngapi?
4. Ukubwa na ukomavu unaotaka ni upi? Nioneshe.
5. Mnalipa baada ya siku ngapi, na nani anaidhinisha malipo?

Swali la tano vijana wanaliogopa. Wanadhani wataonekana wana njaa. Liulize siku ya kwanza, kwa sababu ndilo litakaloamua kama utakuwepo mwakani.

Mali kauli ndiyo inayoua

Kuna kikundi cha vijana ninachokifahamu, wachapakazi kabisa. Walipata mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo vijana wana asilimia 4. Walipata mgahawa mmoja mpya wa ufukweni, wakaacha kabisa soko la kawaida. Mwezi wa kwanza walilipwa vizuri. Wa pili wakaambiwa "leteni tu, mwisho wa mwezi tutafunga hesabu". Ikaja masika, mchangani hakukaliki, wateja wakapungua. Mgahawa ukafunga "kwa matengenezo" na haukufunguliwa tena. Simu hazikupokelewa. Mkopo wa halmashauri haukufunga, marejesho yaliendelea kudaiwa.

Tazama hesabu yake kwa mfano. Ukipeleka mzigo wa sh. 300,000 kwa wiki na malipo ni baada ya siku 30, muda wowote unamdai mteja kati ya sh. 1,200,000 na sh. 1,500,000. Kama faida yako ni robo ya mauzo, yaani sh. 75,000 kwa wiki, na akafunga akiwa na milioni moja na nusu yako, utafanya kazi wiki 20 kurudisha hela hiyo tu. Miezi mitano unalima bure. Malipo yakiwa ya siku 60, zidisha mara mbili.

Sisemi usiwauzie. Nasema weka masharti:

Mwezi wa kwanza, taslimu au kwa simu mzigo ukipokelewa. Mgahawa mpya hauna historia na wewe. Ukikubaliana kuanza mali kauli baadaye, iwe ya wiki moja, ikizidi sana mbili.

Weka ukomo wa deni. Jiulize, nikipoteza kiasi hiki leo, nitaweza kununua mbegu na mbolea ya awamu ijayo? Kama jibu ni hapana, umeshavuka ukomo. Deni likifika hapo, mzigo unaofuata unalipwa kwanza. Mweleze mteja sheria hiyo mapema, kwa adabu, kabla ugomvi haujaja.

Mteja mmoja asizidi theluthi ya mauzo yako. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Dalali wako wa Sterio ambaye umemzoea, endelea kumpelekea.

Andika kila kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mzigo uwe na karatasi ya kupokelea, nakala mbili: tarehe, bidhaa, kilo, bei, kilo zilizokataliwa na sababu, sahihi ya aliyepokea. Wapishi wanahama kazi sana. Aliyekuahidi kwa mdomo anaweza asiwepo siku ya malipo.

Jua anakaa wapi kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa maji. Sehemu iliyojengwa karibu na mawimbi bila vibali inaweza kuambiwa ihame wakati wowote. Uliza kistaarabu: eneo ni lenu au mmepanga? Mmepanga hadi lini? Mtu mwenye mkataba wa muda mrefu na leseni ukutani ni mteja tofauti na mwenye turubai na matumaini.

Usafi unaoulizwa jikoni

Rihani, nanaa, matango, vyote vinaliwa vibichi. Mteja mmoja akiumwa tumbo, mgahawa unakuacha. Mambo ya msingi ni haya: tumia mbolea ya samadi iliyooza vizuri, si mbichi. Mwagilia maji safi. Wanunuzi wengi wana wasiwasi na mboga za bonde la Msimbazi kwa sababu ya uchafuzi wa mto, hivyo mwambie mteja wazi maji yako yanatoka wapi. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo. Ziheshimu, na weka daftari la kupulizia dawa. Mpishi makini akiona daftari hilo, umeshamzidi mwenzako.

Vuna alfajiri au jioni, weka kivulini, pakia kwenye kreti za plastiki badala ya viroba. Kirikuu kimoja kikichangiwa na vijana watatu kinashusha sana gharama ya safari. Ondoka mapema, ukichelewa, foleni ya Mbagala au ya Tegeta itakula ubora wote ulioulinda shambani.

Kalenda ya ufukweni si kalenda ya shamba

Mauzo yanapanda Ijumaa hadi Jumapili, sikukuu na likizo. Yanashuka masika, Machi hadi Mei, mvua zikiwa nyingi. Mwezi wa Ramadhani mchana jikoni kunatulia, lakini jioni watu wanatafuta futari: mihogo, magimbi, viazi vitamu. Panga awamu zako kwa kurudi nyuma kutoka tarehe hizo. Unataka matango mengi kwa wiki ya Krismasi? Hesabu wiki 7 nyuma, mbegu iwe ardhini mwanzoni mwa Novemba.

Na kuhusu TRA: mgahawa wenye hesabu zilizonyooka utakuomba TIN na risiti. TIN inatolewa bure. Chukua mapema, usisubiri uikose oda.

Cha kufanya wiki hii

Kabla ya kununua mbegu hata pakiti moja, tembelea sehemu tano za kula za ufukweni na maswali yako matano. Rudi nyumbani, jumlisha kilo. Zidisha kwa nusu, kwa sababu wengine watabadilika. Kilo zilizobaki ndizo unazolima. Ukikuta ni kitalu cha meta 10 tu, lima hicho, kifanye kiwe na mzigo wa uhakika kwa miezi mitatu, kisha ongeza.

Ukiwa na swali, andika hapo chini, na utaje wilaya yako, chanzo cha maji na ukubwa wa eneo. Bila hivyo vitatu nitakuwa nabahatisha tu.